Jinsi ya kumwona muhanga: fuata pua yake kabla ya macho yako

Mara sita nilikesha kwenye shimo moja la muhanga, mnyama wa usiku anayekula mchwa, bila kuona kitu. Na shimo lilikuwa zuri. Udongo mbichi mlangoni, nyayo zinaingia na kutoka, kila dalili ipo. Asubuhi nilikuta alama mpya upande wa pili wa kichaka, au sikukuta kitu kabisa. Mara ya saba baba mkubwa alikubali kuja nami. Hakuuliza nimebeba tochi gani wala darubini gani. Alitoa mfukoni soksi kuukuu iliyojaa majivu laini ya jikoni, akaitikisa mara moja, akatazama majivu yanaelekea wapi, kisha akaniambia: "Mwanangu, wewe unamtazama kwa macho, yeye anakutazama kwa pua. Hamtakutana." Tukazunguka mpaka upande wa pili, tukakaa chini ya mgunga. Saa mbili na dakika chache usiku, muhanga akatoka.

Tangu siku hiyo nimetembeza wanafunzi na wageni wengi kwenye ardhi ya jumuiya ya hifadhi huku Pawaga, Iringa, upande wa Ruaha. Wengi wanataka simba. Wachache huniuliza kwa sauti ya chini kama muhanga yupo, kama vile wanauliza habari za jini. Yupo. Si adimu kama watu wanavyodhani, ila amejaliwa mwili unaomwezesha kukukwepa maisha yako yote ukiishi naye kijiji kimoja. Naandika hapa ninavyofanya mimi, na kwa nini, kwa sababu kila hatua ya kumtafuta inatokana na jinsi alivyoumbwa. Ukiruka hiyo "kwa nini" utafanya kosa nililofanya mara sita.

Unamtafuta mnyama gani

Muhanga mzima huwa na uzito wa kilo 40 hadi 65, na wapo wanaozidi hapo. Mgongo umepinda kama upinde, masikio marefu yamesimama kama ya punda, mdomo mrefu unaishia kwenye pua pana kama ya nguruwe, mkia mnene shinani na mwembamba nchani. Nywele ni chache, ngozi ni nene, na rangi yake ni ya udongo wa mahali anapolala: kwetu huku ni mwekundu kidogo, kwenye udongo mweupe utamkuta amepauka.

Si nguruwe, ingawa amechukua pua yake. Wala si ndugu wa wale wanyama wa Amerika ya Kusini wanaokula sisimizi kwa ulimi mrefu. Wamefanana kwa kazi tu. Katika oda yake, yaani lile kundi kubwa ambalo wataalamu wamemweka, amebaki peke yake, spishi moja duniani, na iko Afrika tu, kusini mwa Sahara. Ukitafuta ukoo wake wa mbali unakuta sange, yule panya mwenye pua ya mkonga, na mbele zaidi unakuta pimbi, nguva na tembo. Mimi nikiwaambia wanafunzi hilo huwa hawaamini, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa milango yake ya fahamu. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo penye siri yote.

Pua ndiyo kila kitu. Ule mdomo mrefu si wa mapambo. Ndani yake kuna mifupa myembamba kama karatasi iliyojikunjakunja, na juu ya mikunjo hiyo umetandazwa utando unaonusa. Mikunjo ikiwa mingi, eneo la kunusia linakuwa kubwa, na muhanga anayo mingi kuliko wanyama wengi. Sehemu ya ubongo inayopokea harufu nayo imekua sana. Kwenye matundu ya pua kuna nywele nene zilizosongamana, kazi yake ni kuchuja vumbi anapochimba, na matundu yenyewe anaweza kuyafunga. Ukimwona kwa karibu utagundua kuwa ncha ya pua haitulii hata sekunde moja. Inatetemeka, inapinda, inagusa ardhi, inainuka.

Masikio yanafuata. Yanafika kama sentimita 20 na kila moja linazunguka kivyake, moja mbele, moja nyuma. Akianza kuchimba huyalaza nyuma na kuyakunja udongo usiingie, na hapo ndipo wewe unapata nafasi ya kusogea hatua mbili, ikibidi. Akiacha kuchimba, masikio yanasimama tena. Ukiwa bado unatembea, ameshakusikia.

Macho ni dhaifu. Ndani ya jicho lake kuna zile seli za mwanga hafifu tu. Zile za kutambua rangi hana. Usiku anaona kiasi cha kujua giza na weupe, mchana jua linamsumbua, na akikimbia kwa hofu hugonga vichaka. Kwa hiyo usihangaike sana na rangi ya nguo. Nimeona wageni wametumia hela nyingi kununua nguo za madoa ya kijeshi (ambazo hapa Tanzania raia haruhusiwi kuzivaa, uelewe), halafu wamejipaka manukato. Muhanga hajali shati lako. Anajali sabuni uliyofulia.

Kutafuta shimo lenye mwenyewe

Kazi hii inafanyika asubuhi, jua likiwa bado limelala, maana kivuli cha pembeni ndicho kinachoonyesha kina cha unyayo. Wakati mzuri kwetu ni kiangazi, Juni hadi Oktoba, majani yakiwa yamelala na vumbi lipo la kuandikia nyayo.

Anza na vichuguu, usianze na mashimo. Muhanga anakula mchwa na sisimizi, na kiasi cha kila kimoja hubadilika na msimu. Tafuta kichuguu chenye jeraha upande mmoja, chini, na ndani ya jeraha tafuta mikwaruzo ya kucha iliyoteremka wima, mipana kama kidole gumba. Nyegere naye huvunja, lakini kucha zake huacha mistari myembamba na iliyokaribiana. Mguu wa mbele wa muhanga una vidole vinne, wa nyuma vitano, lakini kwenye vumbi kwa kawaida utaona alama tatu tu zilizo wazi, kama mtu aliyechoma ardhi kwa vijembe vitatu vidogo. Mara nyingine kuna mstari wa mkia katikati. Ukishaiona mara moja huwezi kuichanganya na fisi tena.

Kisha fuata nyayo, lakini usitegemee njia iliyonyooka. Akiwa kwenye malisho anakwenda huku na huku, pua chini, anapepeta eneo pana kama hatua thelathini, na anaacha vijishimo vidogo njiani. Vijishimo hivyo ni sahani zake tu. Usivihesabu kama nyumba. Mashimo ya muhanga yako ya namna tatu: hayo ya kulia, yale ya kupumzikia ambayo yanaingia mita chache tu, na yale makubwa ya kukaa, ambayo yanaweza kufika mita 13 na kuwa na milango zaidi ya mmoja. Unalotaka ni la aina ya pili au ya tatu, na unataka la leo. Muhanga huhamahama. Anaweza kulala humu siku kadhaa, kisha akaacha na kuhamia kwingine, ndiyo maana shimo lililokuwa na mtu wiki iliyopita leo ni mahame.

Ninavyojua kuwa mwenyewe yumo: kifusi mlangoni kina unyevu na rangi nyeusi zaidi kuliko udongo wa juu, nyayo za mwisho zinaingia, hazitoki, hakuna utando wa buibui, na vijinzi vidogo vinazungukazunguka mlangoni, maana chini kuna mwili wenye joto. Mara nyingine huziba mlango kwa udongo kutoka ndani na kuacha kitundu kidogo juu cha hewa. Ukikuta hivyo, nyamaza, rudi nyuma polepole. Yuko hatua chache chini yako.

Kama huna uhakika, chukua kijiti chepesi cha nyasi kavu na ukisimamishe mlangoni jioni, kisha uje asubuhi. Kimeanguka kuelekea nje au ndani? Hiyo inatosha. Usiweke jiwe, usiweke kitu cha chuma, usiguse kuta za shimo kwa mikono.

Hapa usifanye mzaha

Shimo la muhanga si la muhanga peke yake. Yeye ndiye fundi, wengine ni wapangaji. Ngiri, nungunungu, fisi, bweha, chatu, popo, wote huingia akishahama. Kwenye nyanda za juu kusini huku kwetu hata mbayuwayu wa buluu hujenga kiota chake kwenye dari ya mashimo yake. Mimi naona hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumlinda, kwa sababu bila fundi huyu wanyama wengi sana wangekosa pa kujificha na jua na moto.

Lakini kwako wewe unayetazama, maana yake ni moja: usisimame mbele ya mlango. Kamwe. Ngiri huingia kinyumenyume na kutoka kwa kasi akitanguliza pembe. Mwaka wangu wa pili niliinama kuchungulia shimo nililoamini ni la muhanga, sikutazama vizuri kinyesi kilichokuwa pembeni. Ngiri jike alitoka kama jiwe la manati. Pembe ilipita kwenye suruali, juu ya goti, ikaacha mchano wa urefu wa kiganja kwenye nguo na mstari mwekundu kwenye ngozi. Baba mkubwa aliufunga kwa kitambaa, hakunigombeza, akasema tu, "Pole. Sasa utasoma mavi kabla ya kusoma shimo." Tangu hapo nasimama upande, juu ya mlango au pembeni, kila mara. Na usikae wala kulala kwenye kifusi: mashimo waliyopita ngiri huwa na papasi, na wewe hutaki homa ya papasi. Kaa juu ya turubai, hatua nyingi mbali.

Jambo la pili ni ruhusa. Kwenye hifadhi za taifa huwezi kujitembelea kwa miguu usiku upendavyo. Kwenye ardhi ya jumuiya ya hifadhi omba kibali ofisini kwao na uende na askari wa wanyamapori mwenye silaha. Tembo na nyati hawajali kuwa umekuja kwa ajili ya muhanga. Na ukiulizwa kijijini shimo liko wapi, usitaje. Bado kuna watu wanaomchimba kwa ajili ya nyama, na wengine kwa ajili ya kucha za hirizi.

Kukaa

Fika saa kumi na moja jioni, kabla hajaamka. Toa soksi ya majivu. Nakuhimiza uwe nayo, ni kitu cha bure na kinashinda vifaa vyote: chekecha majivu yawe laini kabisa, jaza robo ya soksi, funga fundo. Ukiitikisa, yale yanayopenya kwenye nyuzi yanaelea na kukuonyesha hata pumzi ya hewa ambayo shavu lako halihisi. Tikisa mara moja ukifika, mara ya pili jua likizama, mara ya tatu giza likikolea. Mara ya pili ndiyo muhimu, kwa sababu jua likizama hewa ya juu hupoa na kuteremka kutoka vilimani kuja bondeni, na upepo uliokuwa unakuja kwako unageuka. Hilo ndilo lililoniponza zile mara sita. Nilichagua mahali pazuri saa kumi na moja, na saa moja harufu yangu yote ilikuwa inamiminika shimoni kama maji kwenye mfereji.

Kaa mahali ambapo upepo unatoka shimoni kuja kwako, mita 25 hadi 30, ukiegemea mti au kichaka. Usikae palipo na njia zake. Kama shimo lina milango miwili, kaa mahali ambapo upepo unapita milango yote miwili kabla ya kukufikia. Ukishindwa, chagua shimo lingine.

Siku hiyo usitumie sabuni yenye manukato. Usivute sigara. Dawa ya mbu ni suala la afya, na mimi sitakwambia uache. Vaa mikono mirefu na soksi nene, paka kidogo ukiwa bado nyumbani, na ongeza mita kumi kwenye umbali wako. Nguo za nailoni zinachakarika, vaa pamba. Zima simu kabisa, maana hata mtetemo wake juu ya turubai husikika. Mifuko inayofungwa kwa ule utepe wa kukwaruza iache kwenye gari.

Tochi ifunike kwa karatasi nyekundu ya plastiki, tabaka mbili. Jicho lenye seli za mwanga hafifu pekee haliitikii sana mwanga mwekundu, kwa hiyo kile ambacho kwako ni taa kwake ni karibu na giza. Ila usimmulikie usoni moja kwa moja, mulika ardhi pembeni yake na umtazame kwenye mwanga unaobaki. Mwanga mkali wa kamera, hapana. Anaweza kuduwaa, akakimbilia vichakani na kujiumiza.

Usiku wenye mwezi nusu ndio ninaoupenda. Unaona umbo bila kuwasha kitu.

Anapotoka

Nitaeleza usiku ule wa saba kama ulivyokuwa, kwa sababu watu wanaokwenda kumtazama bila kujua utaratibu wake huharibu kila kitu katika dakika ya kwanza.

Kwanza tulisikia, hatukuona. Udongo ulimwagika ndani ya shimo, kama mtu anamimina mchele. Kimya. Kisha mlangoni pakawa na kitu kilichopauka chenye ukubwa wa ngumi, na kikakaa hapo. Ilikuwa pua. Ilipanda kidogo, ikashuka, ikageuka kushoto, kulia, na nikasikia pumzi fupi fupi, sss, sss, sss. Baba mkubwa alinishika kifundo cha mkono na hakukiachia. Tulikaa hivyo kwa muda niliouona kama saa nzima. Haikuzidi dakika kumi. Halafu masikio yakapanda, moja baada ya jingine, na kila moja likaanza kutafuta upande wake.

Hapo ndipo watu huwasha tochi. Usiwashe. Yuko kwenye mlango wa nyumba yake, anapima kama usiku uko salama, na akisita tu atarudi ndani na kuziba. Ngoja.

Kisha aliruka. Neno ni hilo hilo, aliruka kutoka shimoni kama amesukumwa, akaenda hatua kadhaa, akasimama wima kwa miguu ya nyuma akiegemea mkia, akasikiliza tena. Akaruka mara nyingine. Akasimama. Ndipo mgongo ukalegea, pua ikashuka chini, na akaanza kutembea kwa ule mwendo wake wa kunusa, masikio yameinamia mbele kana kwamba nayo yanasoma ardhi. Kuanzia hapo ndipo unaweza kutumia mwanga mwekundu, na kuanzia hapo ndipo unapumua.

Alipita kama mita 15 kutoka tulipo. Kwenye kichuguu kidogo alisimama, akabandika pua ardhini, na ghafla miguu ya mbele ikaanza kazi. Sijawahi kuona jembe linaingia ardhini namna ile, na huo ulikuwa udongo wa kiangazi, ule unaorudisha sururu. Kucha zake ni kama sepetu ndogo, pana na zenye makali pembeni. Miguu ya mbele huvuta udongo chini ya tumbo, ya nyuma huurusha, mkia huusukuma. Masikio yalikuwa yamelala kabisa. Kisha kuchimba kukakoma na tukasikia sauti nyingine, laini, ya mate.

Ulimi wake unaweza kutoka hadi sentimita 30, mwembamba, umefunikwa na mate yanayonata kama ulimbo. Tezi za mate ni kubwa mpaka zimeshuka shingoni. Mchwa wanakwama, ulimi unarudi, na yeye hatafuni sana, maana sehemu ya tumbo lake ina msuli mzito unaosaga kama firigisi ya kuku. Meno anayo nyuma tu, 20, na ni meno ya ajabu: hayana ule ugumu mweupe wa enameli wa nje. Kila jino ni fungu la vijimirija vilivyosimama pamoja, hata 1,500 katika jino kubwa, na hukua maisha yake yote kadiri yanavyolika. Oda yake imepewa jina kutokana na vijimirija hivyo.

Alikula pale muda usiofika dakika mbili, akaondoka. Usidhani umemshtua. Ndivyo anavyokula. Askari wa mchwa wakishajaa kwenye ufa, kila ulimi unaorudi huleta askari wengi na chakula kidogo, kwa hiyo anahama na kuwaacha wajenge upya. Siku nyingine atarudi pale pale. Mfugaji mzuri naye hamalizi kundi.

Usimfuate kwa miguu. Mwache aende, subiri robo saa, kisha inuka bila haraka. Hatarudi karibuni.

Asubuhi yake

Rudi jua likichomoza na usome alichoandika. Pima hatua, chora mwendo wake kwenye daftari, hesabu alipochimba na alipopita bila kuchimba. Hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko kwa kumtazama.

Tafuta pia mahali alipojisaidia. Hutakuta mavi juu ya ardhi kama ya wanyama wengine: huchimba kishimo kifupi, hujisaidia humo na kufukia. Ukifukua kwa kijiti utapata vidonge vya mviringo vilivyojaa mchanga na vichwa vya mchwa. Mara nyingine utakuta mbegu, na mbegu hizo zina habari nzuri kuliko zote. Kuna tango la porini ambalo huchanua juu ya ardhi kama kawaida, kisha kikonyo huzama na tunda kukua chini ya udongo. Muhanga hulinusa kutoka juu, hulichimba, hulila kwa ajili ya maji, na mbegu hupita tumboni na kuzikwa tena kwenye mbolea yake. Tango limepata mkulima, na mkulima amepata kinywaji.

Ukishasoma, fukia ulipofukua.

Ukimwona mchana

Watu hunitumia picha za muhanga akitembea saa nne asubuhi wakifurahi kuwa wamebahatika. Kusini ya mbali mwa Afrika, kwenye baridi kali, huwa anatoka mapema, jua likiwepo. Lakini kwetu, katika mwaka mkavu, muhanga wa mchana aliyekonda, mifupa ya nyonga inaonekana, ni mnyama mwenye njaa. Mwili wake umekosa akiba ya kujipasha joto usiku, kwa hiyo anatafuta chakula wakati jua linamsaidia. Kalahari, Afrika Kusini, katika ukame wa majira ya joto ya 2012 na 2013, watafiti walikuwa wanafuatilia muhanga sita waliowekewa vipima joto mwilini, watano walikufa. Mchwa na sisimizi walipopungua, hakuwa na kitu kingine cha kula. Akikutokea huyo, usimsogelee, usimkimbize kwa ajili ya picha, hata kidogo. Kila hatua unayomkimbiza inatoka kwenye akiba ambayo hana. Andika mahali, saa, hali ya mwili, na upeleke taarifa kwa askari wa wanyamapori.

Jambo la mwisho ni kuhusu mashimo ya wazazi. Jike huzaa mtoto mmoja baada ya mimba ya karibu miezi saba. Mtoto hubaki shimoni kama wiki mbili, ana mikunjo ya ngozi utadhani amevaa nguo za kaka yake, kisha huanza kumfuata mama usiku. Kwenye vumbi utaona alama tatu kubwa na pembeni alama tatu ndogo zinazojitahidi kwenda sambamba. Zikionekana hizo, kunja turubai lako, toka kwa njia uliyoingilia, na usirudi kwenye shimo hilo msimu ule. Mimi hufuta hata nyayo zangu kwa tawi la mgunga nikirudi kinyumenyume, kisha naingia kwenye daftari kuandika tarehe, na pale penye mahali pa shimo naacha wazi.